Nyuzi 100 ndani ya sekunde mbili: kisa cha prosesa iliyochemka Dodoma

Mashine ilikuwa mpya kabisa. Prosesa Intel Core i7-12700F, kadi ya picha ya daraja la kati, ram ya gigabaiti 32, kasha jeusi lenye kioo mbele na ubavuni, taa za rangi kila kona. Mwenyewe ni kijana anayesoma chuo hapa Dodoma na amepanga Nkuhungu. Kaka yake alimchangia hela, mashine ikaunganishwa Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi. Tangu ilipofika ilikuwa na ugonjwa mmoja: gemu linaanza vizuri, picha laini, halafu kabla mechi haijafika nusu picha zinaanza kukwama, feni zinanguruma, na namba ya joto la prosesa kwenye kona ya skrini inaganda kwenye 100.

Alipoileta kwangu alikuwa ameshapewa majibu mengi. Aliyeiunganisha alimwambia kwa simu kwamba Dodoma ni joto na vumbi, aweke kiyoyozi. Rafiki yake alisema pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, ni ya bei rahisi. Duka moja la hapa mjini likamwambia i7 haipoi bila kipozeo cha maji, na kwamba kipo, ni laki tatu na nusu.

"Fundi, kama ni hicho cha maji niambie tu nianze kujichanga," aliniambia. "Kaka ameshatoa hela nyingi, naona aibu kumwomba tena."

"Usinunue chochote kwanza, mdogo wangu. Tujue moto umekwama wapi."

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naona vijana wengi wakimwaga hela mahali hapohapo. Joto la prosesa husafiri kwa hatua. Linatoka kwenye kiini, linapita kwenye kifuniko cha chuma kilicho juu yake, kisha pesti, kitako cha kipozeo, mirija ya shaba, mapezi ya alumini, hewa ya ndani ya kasha, na mwisho hewa ya chumba. Kipozeo kikubwa kinasaidia sehemu moja tu ya safari hiyo. Moto ukiwa umekwama kwingine, umenunua bure. Na namba 100 peke yake haikuambii umekwama wapi. Kinachokuambia ni jinsi namba hiyo inavyopanda na inavyoshuka: kwa mruko au kwa kutambaa.

Lawama za Dodoma

Nianze na mji wenyewe, maana ndio uliobebeshwa mzigo. Ilikuwa Oktoba, mwishoni mwa kiangazi, majira ambayo joto la Dodoma huwa kali kuliko yote, mvua bado, na upepo unapeperusha vumbi tangu asubuhi. Chumba cha kijana kina bati juu bila dari. Mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 33. Ni joto, sibishi. Ila hesabu yake ni nyepesi: kila uzijoto mmoja unaoongezeka kwenye hewa inayoingia kwenye feni unaongeza takribani uzijoto mmoja kwenye prosesa, basi. Mashine inayocheza gemu kwa nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 23 itacheza kwa 80 hivi katika chumba cha 33. Haitagonga 100. Tena Dar es Salaam ilikotoka mchana wa Oktoba nako hakuna baridi, na usiku wao haupoi kama wetu. Kwa hiyo hoja ya aliyeiunganisha kwamba "huku kwetu ilikuwa nzima" haikunitosha. Nilipomuuliza kijana huko ilijaribiwaje, alisema iliwashwa, ikaonyesha skrini, ikapigwa picha, ikafungwa kwenye boksi. Hakuna aliyeipa kazi.

Kuna jambo moja la Dodoma lenye ukweli ambalo hakuna aliyelitaja: mwinuko. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 10. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa pungufu ya kubeba joto. Kwa mashine ya aina hii hilo linakugharimu nyuzi mbili tatu, pengine nne kazi ikiwa nzito. Watengenezaji wa seva hulizingatia: kwenye vitabu vyao kiwango cha juu cha joto la chumba kinachoruhusiwa hushuka kadiri mashine inavyopelekwa nyanda za juu. Ni vizuri kulijua, hasa kwa anayenunua kipozeo kidogo kabisa kinachomtosha kwa shida akiwa Dar. Lakini nyuzi nne hazikutosha kueleza nilichokuwa nakiona.

Nililiwaza na lile basi lililoileta. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400, matuta yasiyohesabika, na kipozeo chenyewe ni mnara mzito wa chuma uliofungwa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, kwa skrubu nne. Vipozeo hulegea njiani. Hilo nililiweka akilini, nikaanza kupima.

Sekunde mbili

Niliondoa kioo cha ubavuni, nikaiweka mashine mezani, hewa ya karakana ikiwa nyuzi 31, nikafungua HWiNFO. Programu hii ni ya bure na inaonyesha kwa pamoja vitu vitatu ninavyovihitaji: joto la kila kiini, wati zinazotumika, na mwendo wa prosesa. Wengi huangalia joto peke yake. Joto bila wati ni nusu ya habari, kwa sababu prosesa iliyo nyuzi 100 ikila wati 180 na prosesa iliyo nyuzi 100 ikila wati 60 zina magonjwa tofauti kabisa.

Ikiwa imetulia, hakuna programu inayofanya kazi, ilisoma 48 hadi 50. Ni juu kidogo kwa mashine inayokula wati zisizofika 20. Feni ya kipozeo ilikuwa inazunguka zaidi ya mizunguko 1,500 kwa dakika na inapuliza upande sahihi, kuelekea nyuma ya kasha. Waya wake ulikuwa umechomekwa kwenye pini za feni ya prosesa, si kwingine. Hakukuwa na programu ya siri inayoichosha prosesa kwa nyuma. Nikafungua Cinebench, ambayo hushughulisha viini vyote kwa mpigo, nikabonyeza kuanza.

Ndani ya sekunde mbili ilikuwa 100.

Wati ziliruka kupita 150, kisha prosesa yenyewe ikazipunguza haraka mpaka zikatulia kwenye 80. Mwendo ukaanguka kutoka gigahezi 4.5 hadi karibu 3. Hiyo ni kinga yake: i7-12700F imewekewa mpaka wa nyuzi 100, ikiufikia inajibana mwendo ili isiungue. Ndiyo maana kijana hakuwahi kuona mashine ikizima ghafla. Aliona gemu likikwama tu. Nikasimamisha jaribio. Sekunde chache baadaye ilikuwa imesharudi 55.

Hapo kisa kilikuwa kimeanza kujieleza. Mnara ule una alumini na shaba ya karibu robo tatu ya kilo. Wati 150 kwa sekunde mbili haziwezi kuupandisha hata uzijoto mmoja. Chuma ni kingi, muda ni mdogo. Maana yake ni kwamba katika sekunde zile mbili mapezi yalikuwa bado hayajapata habari. Feni, vumbi, bati lisilo na dari na jua la Oktoba vilikuwa havijaingia uwanjani kabisa. Prosesa ilifika 100 kabla joto halijafika mahali ambapo vitu hivyo vinaweza kusaidia au kudhuru. Kipozeo cha maji cha laki tatu na nusu nacho kingekuwa upande huohuo wa mbali, kikisubiri joto ambalo haliji. Kingeponya tatizo kwa bahati tu, kwa kuwa kingefungwa upya na vifaa vyake.

Niseme wazi ili mtu asijitishe bure: prosesa za siku hizi, hata zikifungwa vizuri sana, huruka ghafla. Kiini ni kidogo, wati ni nyingi. Mruko wa nyuzi 25 au 30 katika sekunde ya kwanza ya kazi nzito ni wa kawaida, na baada yake namba inatambaa taratibu kadiri mnara unavyopata moto. Ule niliouona ulikuwa wa nyuzi 50, na ungeendelea kama mpaka wa 100 usingeuzuia.

Kipimo cha pili kilikuwa mkono. Niliirudisha Cinebench kwa dakika kadhaa, nikagusa mirija ya shaba inapotokea kitakoni. Vuguvugu. Hapa watu hukosea kwa kudhani kwamba mnara ukiwa wa baridi basi joto halipiti kabisa. Linapita. Wati 80 zinazotumiwa na prosesa hazina pengine pa kwenda, lazima zipite. Kinachotakiwa kutazamwa ni pengo: sentimita mbili tu zinatenganisha kiini na mirija ile, kiini ni nyuzi 100, mirija naishika bila kushtuka. Pengo kubwa hivyo katika umbali mdogo hivyo maana yake kuna kizuizi katikati.

Kipimo cha tatu ni hesabu, na naomba kila anayeunganisha mashine aizoee. Chukua joto la prosesa, toa joto la hewa, gawanya kwa wati. 100 toa 31 ni 69. Gawanya kwa 80, unapata 0.86. Kila wati moja inaipandisha prosesa hii karibu nyuzi 0.86. Mnara wa mirija minne kama ule, ukikaa sawasawa juu ya prosesa ya namna hii, unapaswa kuwa karibu na 0.4. Tulikuwa tunapata nusu ya kazi ya kifaa kilicholipiwa chote.

Tulichokikuta chini ya mnara

Kabla ya kugusa skrubu niliushika mnara nikaujaribu kushoto na kulia, taratibu, kwa vidole. Ulizunguka. Kipozeo kilichobana hakifanyi hivyo.

Nikakifungua mashine ikiwa bado na joto, maana pesti ikipoa hunata. Kwenye soketi hii ya Intel, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi, prosesa imebanwa na fremu ya chuma, kwa hiyo haichomoki pamoja na kipozeo. Wenye mashine za AMD za soketi ya AM4 wawe waangalifu zaidi hapo, kwani prosesa yao inaweza kung'oka na kupinda miguu.

Ile karatasi ya plastiki inayolinda kitako cha kipozeo kipya haikuwepo, nilikuwa nimeitarajia. Pesti ndiyo iliyosema. Ilikuwa imekaa katikati kama ilivyowekwa, tone nono lililotanuka kidogo, huku pembeni chuma cha prosesa na cha kitako vikiwa safi. Kipozeo kinachobana huikanyaga pesti mpaka inasambaa na kuwa utando mwembamba ambao karibu unauona chuma kupitia kwake. Pesti ni kama plasta ya ukutani: iko pale kuziba vishimo, si kusimama badala ya tofali. Namba zinaonyesha kwa nini. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha karibu 400, kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi. Pesti nyingi za kwenye vibomba ziko kati ya 4 na 12 hivi. Hewa iliyotulia ni 0.026. Pesti inaishinda hewa kwa mbali mno, na inashindwa na shaba kwa mbali mno. Kwa hiyo rafiki yake aliyelaumu bei ya pesti alikuwa amekaribia mahali penyewe bila kupagusa. Pesti ghali iliyobaki tone nene ingekuwa ukuta ghali.

Kwa nini haikubanwa? Safari ya basi niliiondoa kwenye orodha mara moja: skrubu zote nne zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho. Hakukuwa na kilicholegea njiani.

Jibu lilikuwa kwenye historia ya kipozeo. Kijana alinieleza kwamba ili kupunguza gharama, aliyemuunganishia alimpatia mnara uliotumika, mzuri, wa jina, uliotolewa kwenye mashine ya zamani kidogo. Mashine ile ilikuwa ya soketi ya LGA1200, ya mwaka 2020. Prosesa za kizazi cha 12 zilizoanza kutoka Novemba 2021 hukaa kwenye LGA1700, na soketi hizi mbili zinatofautiana kwa vitu viwili. Cha kwanza kila mtu anakijua: matundu ya skrubu kwenye mazabodi yametoka umbali wa milimita 75 hadi 78. Breketi ya mnara ule ilikuwa na matundu marefu yanayokubali umbali wote huo, ndiyo maana ilifungika bila kulazimishwa, na aliyefunga akaamini imekaa. Cha pili hakionekani kwa macho. Prosesa ndani ya LGA1700 imekaa chini zaidi, kwa takribani robo tatu ya milimita, ukilinganisha na soketi iliyotangulia.

Robo tatu ya milimita inaonekana haina maana, lakini fikiria skrubu zile zinavyofanya kazi. Kila moja ina springi. Unakaza mpaka uzi wa skrubu unafika mwisho juu ya nguzo yake, na springi iliyominywa ndiyo inayokandamiza kitako juu ya prosesa. Urefu wa nguzo umepangwa kwa soketi ya zamani. Prosesa ikishuka, kitako kinaifuata chini, lakini skrubu inasimama palepale. Springi inakosa cha kuiminya. Unahisi mkononi kwamba umekaza mpaka mwisho, na umekaza kweli, ila nguvu haijafika inakotakiwa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa vipozeo walitoa vifaa vipya vya kufungia kwa ajili ya LGA1700, wengine waliwatumia wateja wao wa zamani bure kwa posta. Anayenunua kipozeo kilichotumika aulize kwanza kama vifaa hivyo vimo kwenye boksi. Swali hilo lingemwokoa kijana huyu usumbufu wote.

Washa nne

Vifaa sahihi niliviagiza, lakini Dodoma huwezi kuvipata dukani siku hiyohiyo, na kijana alikuwa na kazi za chuo kwenye mashine. Tukatafuta njia ya muda isiyoharibu kitu. Baadhi ya mafundi hutoboa mazabodi kupanua matundu. Nawasihi waache. Mazabodi ina tabaka kadhaa za nyaya nyembamba za shaba zilizofichwa ndani, na kuzunguka matundu yale kuna zinazopita karibu sana. Kuchonga nguzo ziwe fupi kunawezekana, ila ukipitiliza hakuna kurudi nyuma.

Tulitumia washa, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu. Kwenye duka la skrubu na vipuri tulitafuta washa nne za chuma zenye unene wa milimita 0.8, tukazipima unene moja moja kwa venia, kwa sababu washa za pakiti moja hazilingani na tofauti ndogo kati ya pembe na pembe inakilaza kipozeo upande. Kila washa ikaingia kati ya kichwa cha skrubu na springi. Kwa hiyo springi ikarudishiwa ule mminyo ilioupoteza, si zaidi. Sikuongeza ya pili juu yake. Presha kubwa kupita kiasi inapinda mazabodi na inaweza kuharibu mguso wa pini zilizo chini ya prosesa, na dalili zake, ram kupotea au mashine kugoma kuwaka, zinachosha kuliko joto lenyewe.

Tukasafisha pesti yote ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, tukaweka mpya kiasi cha punje kubwa ya mchele katikati na vitone vidogo kuelekea pembe, kwani kifuniko cha prosesa hizi ni mstatili mrefu na tone moja la katikati mara nyingi halifiki ncha. Skrubu tukazikaza kwa kupishana, pembe kwa pembe, mzunguko nusu nusu. Nilipoujaribu mnara kwa vidole haukutikisika.

Hewa ya karakana ilikuwa bado 31. Ikiwa imetulia: 37. Cinebench: ikaruka hadi sitini na kitu, halafu ikaanza kutambaa. 70 baada ya muda, 80, 90. Mwendo haukushuka. Baada ya dakika kumi ilisimama kwenye 97 ikila wati 170.

"Fundi, mbona bado 97?" Sauti yake ilikuwa imeingiwa na wasiwasi upya.

Nilimwambia apige hesabu mwenyewe. 97 toa 31 ni 66, gawanya kwa 170: 0.39. Kizuizi kilikuwa kimeondoka. Mashine ilikuwa sasa inapitisha wati mara mbili ya mwanzo kwa joto pungufu. Tena safari hii namba ilipanda kwa kutambaa, na nilipoisimamisha ilishuka kwa kutambaa vilevile, maana mnara ulikuwa umeshiba joto kweli. Ugonjwa wa kwanza uliisha. Kilichobaki ni suala la wati nyingi na hewa kidogo, na hayo yana tiba zake.

Wati ambazo hakuna aliyeziomba

Kwenye karatasi ya Intel, i7-12700F ina nguvu ya msingi ya wati 65 na kilele cha wati 180. Mazabodi nyingi za gemu hutoka kiwandani zikiwa zimeiruhusu prosesa ikae kwenye kilele bila kikomo cha muda, kwa sababu alama za majaribio zikiwa juu bidhaa inauzika. Anayefunga mashine kwa mara ya kwanza hajui kwamba kuna uamuzi umeshafanywa kwa niaba yake. Tuliingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi, tukatafuta mistari miwili ya PL1 na PL2, mpaka wa wati za kudumu na wa wati za muda mfupi, tukaweka 125 kwenye ya kwanza na kuiacha ya pili 180 kwa muda mfupi unaohitajika programu inapofunguka.

Tukarudia jaribio. Joto likasimama 80, na feni ikatulia kiasi kwamba tuliweza kuzungumza bila kupaza sauti. Alama za Cinebench zilipungua kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Kwenye gemu hazikupungua kitu, kwa kuwa gemu alizozicheza hazikuifikisha prosesa hata wati 100. Mzigo wake mkubwa uko kwenye kadi ya picha. Kwa mashine ya Dodoma katika chumba cha bati naona huo ni uamuzi sahihi, na ningeufanya hata kama hela ya kipozeo cha maji ingekuwepo.

Kijana alimpigia kaka yake palepale. "Shikamoo kaka. Imepatikana. Hapana, hakuna cha kununua." Nilifurahi kuisikia sentensi hiyo kuliko malipo ya kazi.

Kioo cha mbele

Majaribio yote hayo yalifanyika kasha likiwa wazi. Gemu huchezwa kasha likiwa limefungwa, na humo kadi ya picha inamwaga zaidi ya wati 200 za joto kwenye hewa ileile ambayo kipozeo cha prosesa kinaivuta. Tulifunga kila kitu, kijana akacheza gemu lake, nami nikaweka kipimajoto kidogo mbele ya feni ya kipozeo.

Prosesa ilianza 68. Ikapanda polepole mno, kwa robo saa nzima, mpaka 81, na bado ilikuwa inasogea. Hewa iliyokuwa ikiingia kwenye kipozeo ilikuwa imeshafika nyuzi 46. Nikachomoa kioo cha mbele bila kusimamisha gemu. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumepoteza nyuzi nane. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote cha kasha: fungua, subiri, tazama. Namba isipobadilika, kasha lako halina kosa.

Kasha lile lina feni tatu nzuri mbele, na mbele yake kuna kioo kizima chenye upenyo mwembamba pembeni. Feni zilikuwa zinavuta pumzi kupitia ufa. Nyuma ya ufa kuna chujio ambalo, katika muda mfupi iliyokaa Nkuhungu, lilikuwa limeshaota utando mwekundu wa vumbi. Hapo ndipo vumbi la Dodoma lilipokuwa na sehemu yake ya haki katika kisa, na sehemu yenyewe ilikuwa ndogo.

Kijana hakutaka kununua kasha jingine, na hakukuwa na haja. Kioo tulikiweka kabatini. Mahali pake tukafunga wavu wa alumini wa madirishani, ule wa kuzuia mbu, ukiwa umenyooshwa kwenye fremu ya plastiki ya kioo chenyewe. Unapitisha hewa vizuri, unazuia takataka kubwa, na chujio la ndani linabaki kwa ajili ya vumbi laini. Feni za mbele zinavuta ndani, ya nyuma inatoa nje. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi linapita kwenye chujio badala ya kupenya kwenye kila mwanya. Mashine ikaondolewa sakafuni kwenye mkeka, ambako pawasaplai ilikuwa ikivuta hewa kwa shida, ikawekwa juu ya stuli kiganja kimoja kutoka ukutani. Chujio analikung'uta kila wiki wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, mara moja kwa mwezi inamtosha.

Nilikwenda kupima nyumbani kwake mchana, chumba kikiwa nyuzi 33 zilezile zilizolaumiwa. Gemu lilelile, kasha limefungwa, wati 85 kwenye prosesa: 73, na haikusogea tena. Mwendo gigahezi 4.5 bila kushuka.

Vifaa vya LGA1700 vya mnara ule vilipofika baadaye, tukaondoa washa, tukafunga nguzo fupi zilizokusudiwa, pesti mpya, tukarudia Cinebench kwa wati 125. Ilisimama 79. Uzijoto mmoja chini ya ile ya washa.